Mwenyeji Siye Mwenye Nyumba

Dada yangu Tukuswiga ana kichwa kigumu, na mimi nasema hivyo kwa kujivuna. Anakaanga kahawa ya Mbozi hapa Mlowo, anaisaga na kuifunga kwenye pakiti. Wateja wake wengi wako ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Hao ndio waliomwambia afungue tovuti, waagize bila kuhangaika na simu.

Kazi akampa Yonathani, kijana wa kwaya yetu mwenye ofisi Tunduma. Siku ya kusajili jina la tovuti, Yonathani akauliza fomu ijazwe vipi. Dada, ambaye fomu yoyote humsukumia mwenzake, akasema, "Jaza tu mwanangu, huko wewe ndiye mwenyeji." Mungu wangu! Kijana akajiandika yeye mahali pa mmiliki.

Hatukujua. Pakiti mia nne zikachapwa kahawatuku.co.tz, oda zikaanza kuingia. Kisha tovuti ikawa inazimika kila wiki, maana Yonathani aliipangisha kwenye seva mbovu, yaani kompyuta inayobeba tovuti. Dada alipotaka kuhamishia tovuti kwa mtu mwingine, kijana akaonyesha rangi yake.

"Hama tu, mama. Ila jina linabaki, limesajiliwa kwangu. Si ulisema mimi ndiye mwenyeji?"

"Mwenyeji hupokea wageni!" dada akafoka. "Nyumba ina mwenyewe!"

Nilikasirika, lakini niliogopa pia. Riziki yake yote ilipita kwenye jina lile. Nikamsihi dada ambembeleze kijana, wateja wasije wakapotea. Akanitazama kama nimemtukana. "Nimbembeleze mtu kwa jina langu mwenyewe? Thubutu!"

Kesho yake tukatafuta msajili mwenye kibali. Safari hii alijaza mwenyewe, herufi kwa herufi: tukuswiga.co.tz, jina zima, lile ambalo Yonathani alidai ni refu mno kwa wageni. Mmiliki, yeye. Barua pepe, yake. Nenosiri hata mimi silijui. Kazi ya kupangisha tovuti akaipeleka kampuni nyingine kabisa, nikamuuliza kwa nini asiweke vyote pamoja.

"Ili nikigombana na mwenye seva, nabadilisha DNS, ule mwelekeo wa jina kwenda kwenye seva, na jina langu linaelekea kwingine. Simpigii mtu magoti tena."

Tukakaa nje ya duka mchana kweupe na kalamu za wino mzito, tukakata jina la zamani pakiti moja moja na kuandika jipya juu yake. Mpita njia akiuliza, dada anamweleza yote, kwa sauti, pamoja na ofisi ya Yonathani ilipo. Mwezi haukuisha, oda za Nakonde zikarudi.

Jumapili moja baada ya ibada, Yonathani akamfuata. Alikuwa amesemwa hadi kazi zimempungukia.

"Mama, nimekuja nikurudishie jina lako."

Dada akakaza kitenge chake. "Langu ninalo. Hilo ni lako, umejiandikia mwenyewe. Haya, nenda ukauze nalo kahawa."