Kitabu cha Kliniki Nilichokificha Merti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni, na mzee aliyepooza upande mmoja. Ilikuwa katika hospitali ya mjini Isiolo, kaunti zilipoanza tu kuajiri watu wao wa afya. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na kabla ya hapo nilikuwa nikiuza mitumba. Sista Mkuu wa wadi alinitazama nikihangaika kumgeuza mzee, kisha akanionyesha: mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga, unamvuta aje kwako badala ya kumsukuma. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila saa mbili, la sivyo ngozi yake inaoza, na hivyo vidonda vya kulalia vimeua watu ambao ugonjwa wenyewe ulishawaacha.

"Daktari atamwona dakika tano," aliniambia. "Wewe utakuwa naye kutwa. Ukiona kitu, sema."

Hiyo ndiyo kazi ya muuguzi msaidizi. Unaosha, unalisha, unatandika, unapima joto na presha, unaandika kwenye chati. Sindano hudungi. Lakini ndiwe unayeona kwanza.

Mwaka wa pili nikapelekwa Merti, kwenye kituo cha afya. Msimamizi wa kituo alikuwa muuguzi kutoka upande wa Embu, mtu wa maneno machache. Siku niliyoripoti alisema watu ni wachache, kazi ni ya kuinua na kubeba, na hataki mtu wa kubebwa. Sisi wasaidizi tulikuwa wa kandarasi ya mwaka mmoja mmoja, na yeye ndiye aliyependekeza nani aongezewe.

Huko ndiko nilikopata mimba. Nilikuwa nimeshaharibikiwa na mimba mbili, na mimi na mume wangu tulikuwa tumeacha kuzungumzia watoto. Mtu angedhani ningeimba barabarani. Nilinyamaza. Siku zangu za mapumziko nilipanda lori hadi Isiolo, nikahudhuria kliniki ya wajawazito huko nisikojulikana na wenzangu, na kitabu changu cha kliniki nikakizika chini kabisa ndani ya mkoba. Kazini nilivaa koti pana. Niliinua wagonjwa kama kawaida, na kila nilipoinua nilimwomba Mungu. Wenzangu walisema hewa ya Merti imeninenepesha. Kandarasi ilikuwa imebakiza mwezi mmoja nami nilikuwa na mimba ya miezi sita.

Asubuhi moja aliletwa mwanamke kijana, Talaso, mimba yake ya kwanza, amefuatana na mama mkwe wake. Walikuwa wametoka malishoni, mbali. Alilalamika kichwa tu. Nilipomfunga mkanda wa presha niliona uso umevimba, na akaniuliza kwa nini nina vichwa viwili. Nikapima. Nikapima tena mkono wa pili; presha ilikuwa juu mno. Sikungoja hata kuandika, nilienda kumwita Msimamizi.

Alijua mara moja. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Alimdunga sindano ya kuzuia degedege, akaagiza ambulensi iwashwe. Mtoto ilibidi atolewe, na upasuaji ulikuwa Isiolo.

Mama mkwe akakataa. Hakupiga kelele. Alieleza kwamba binti ya dada yake alipelekwa mjini akarudi amefungwa shuka, na kwamba wanaotuma watu kwenye kisu hawajawahi kukiona. Msimamizi alibembeleza, akaeleza, akarudia. Talaso alikuwa akimtazama mama mkwe wake tu, akingoja aamuliwe.

Mimi ni Mmeru, lakini nimezaliwa Isiolo na Kiborana, lugha yao, nimekikulia. Nilifungua koti. Nikatoa kile kitabu mkobani nikakaa sakafuni mbele yake.

"Akko," nilimwambia, yaani nyanya, "mimi pia ninaye. Wawili waliotangulia niliwapoteza. Hapa pameandikwa nizalie hospitali ile ile, na nitaenda. Singekutuma mahali nisipoenda mwenyewe."

Hakujua kusoma, lakini alishika kitabu kwa muda mrefu, kisha akaweka kiganja chake tumboni kwangu. Mtoto akapiga teke. Yule mama akasimama, akajifunga mtandio, akasema twende.

Msimamizi alikuwa mlangoni. Alilitazama tumbo, akanitazama mimi, akatoa amri moja tu: nikae mbele na mkanda, na dereva apunguze mwendo penye mashimo. Yeye alikaa nyuma na mgonjwa, njia nzima ya vumbi. Tulifika alasiri. Kabla ya magharibi Talaso alikuwa amejifungua mvulana, mdogo lakini mwenye sauti, na mama mzima.

Safari ya kurudi nilijua nimefukuzwa kazi. Msimamizi aliniuliza kwa nini niliificha mimba. Nikasema niliogopa kandarasi.

"Ulikuwa unainua watu wazima," alisema. "Ungempoteza huyu mikononi mwangu, nami sijui." "Mimi ndiye niliyekosea kusema lile neno la kubebwa. Likizo ya uzazi ni haki yako. Na kandarasi nitaipendekeza leo."

Akaipendekeza kweli. Kuanzia kesho yake nilihamishiwa kliniki ya wajawazito, na wanawake wa Merti wakaanza kuja wakimtaka yule msaidizi mwenye tumbo. Nilifanya kazi hadi mimba ilipofika miezi minane. Binti yangu alizaliwa Isiolo, mzima, mweusi tii, na nilicheka mpaka mkunga akaniambia nitulie anishone.

Baada ya likizo nilipelekwa kituo cha Burat, nikaajiriwa kwa kudumu, nikafundisha wasaidizi wapya kugeuza wagonjwa. Mgongo ndio ulionistaafisha mapema. Sijuti.

Siku ya kurudisha sare nilipita wadini. Msaidizi mmoja, mimba yake imejaa, alitaka kumgeuza bibi mzito. Aliita, bila aibu, "Njooni mnisaidie, mimi siinui." Wawili wakaacha walichokuwa wakifanya, wakaja. Nilisimama pale mpaka bibi akalala vizuri, ndipo nikaenda kutia sahihi.