Bastola Aliyoikataa Hersi

Hersi alikuwa mfanyabiashara wa Garsen aliyeswaga ng'ombe kutoka Bangale. Majambazi walipomjeruhi mchunga wake mmoja njiani, aliomba kibali cha bastola, akapata. Alijua alichotaka. Mtutu uwe mfupi, maana mrefu ungemchoma paja kila akichutama kunywesha mifugo. Mpini uwe wa mti wenye mikwaruzo, maana joto la Tana hulowesha kiganja. Alimweleza hayo mwuza silaha aliyetoka Mombasa, akamwachia hata uzi aliopimia mkono wake.

Mwuzaji alirudi Garsen, akamwita Hersi kwenye chumba alikofikia, akamwekea mezani bastola yenye mtutu mrefu na mpini wa pembe, mweupe, unaoteleza kama sabuni.

"Sikuagiza hii," Hersi alisema.

"Wewe mchunga ng'ombe, kuchagua umejulia wapi? Kuna Mzungu ameikataa. Chukua, ushukuru."

Damu ilimpanda Hersi kichwani. "Hata kiatu hununui bila kujaribu! Na hii ndiyo nitakayoshika siku roho yangu iko hatarini!"

Akaiacha mezani, akatoka. Mkewe Kaltuma alipomwona amerudi mikono mitupu, alifoka: "Hasira zako ndizo zitakazotulindia ng'ombe?"

"Afadhali mkuki, nimeuzoea," alijibu.

Safari iliyofuata aliswaga ng'ombe kwa mkuki, wakafika wote salama. Majirani walikuja kumpongeza, lakini Hersi hakufurahi. Kila aliyempa mkono, Hersi alimsimulia upya, kwa ghadhabu ileile, jinsi alivyoletewa makombo ya Mzungu.