Namba Kumi na Nne na Pumzi ya Zalkind

Kila asubuhi Kapitolina Yegorovna aliingia kiwandani akiwa na pamba masikioni. Aliyaziba akiwa bado nyumbani, kabla hajafungua mlango wa chumba chake, na kuanzia hapo hakuwa wa mtu. Ukimsalimia kwenye ngazi, anatikisa kichwa tu. Tramu hapandi. Anatembea kando ya mfereji, mfupi, mnene, koti la kijivu, taratibu kama mtu aliyebeba ndoo ya maziwa iliyojaa hadi ukingoni. Akifika kibandani kwake ghorofa ya tatu anavua buti, anavaa ndara zake za sufu, anaketi, ndipo anatoa vile vipande viwili vya pamba na kuviweka kwenye kisahani chenye ufa hadi wakati wa kutoka. Sauti ya kwanza ya siku yake ilikuwa lazima iwe ya santuri. Hilo hakufundishwa na mtu.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Katika kila santuri mia tano zilizotoka mashineni, moja ilipandishwa juu kwake, naye aliisikiliza mwanzo hadi mwisho, upande wa kwanza na wa pili, hata ikiwa ni hotuba ya kilimo cha viazi. Ikiwa safi, aligonga muhuri kwenye vile vikaratasi vinavyotiwa ndani ya jalada: Imekaguliwa, Namba 14. Ikiwa na kasoro, aliandika dakika na sekunde kwenye daftari, na mia tano zote zikarudi kuyeyushwa. Santuri ambayo Namba Kumi na Nne ameshaipitisha, hakuna mkubwa pale kiwandani aliyeweza kuiyeyusha, isipokuwa Namba Kumi na Nne mwenyewe aikatae. Ndiyo kanuni. Na kwetu Leningradi karatasi isiyo na muhuri kazi yake ni kufungia samaki.

Shule alisoma madarasa manne tu, kijijini huko Vologda. Alikuja mjini vita vilipokwisha, akawekwa chini kwenye mashine za kukandamiza santuri. Siku moja akamwambia fundi, "Mashine yako inakohoa." Fundi akacheka, akawaita na wenzake wacheke. Kabla ya chakula cha mchana bomba la mvuke likapasuka. Wiki iliyofuata wakampeleka juu. Nota hajui hata moja mpaka leo, na hakuona haya kusema hivyo.

Sasa huyu Zalkind. Miron Zalkind alikuwa mpiga fidla, na watu walikesha kwenye foleni ya tikiti zake kama wanaopanga foleni ya machungwa mwezi wa Desemba, yanapokuwa adimu. Miaka mitatu kabla ya kisa hiki alirekodi utunzi mkubwa wa fidla na okestra, wa mtunzi wa siku hizi hizi, si wa zama za wafalme. Santuri ya kwanza ilipopandishwa, Kapitolina Yegorovna hakuipenda. Alisema huu ni muziki wa mtu anayeumwa jino na hataki kumwambia mkewe. Halafu upande wa pili, dakika ya tisa, sekunde ya kumi na moja, akasikia kelele, kitu kama mvuke unaovuja. Akaandika: kelele. Mia tano zikarudishwa.

Fundi wa kurekodi alipanda ngazi mwenyewe, anacheka hadi anashika ubavu. "Shangazi Kapa, umemkataa mtu kwa kosa la kupumua."

Kapitolina Yegorovna alimsubiri aondoke, akavaa hedifoni, akarudisha sindano. Safari hii hakuwinda kasoro. Akasikia okestra ikinyamaza, chombo kimoja baada ya kingine, kama wageni wanaoondoka bila kuaga, hadi akabaki yule mtu na fidla yake peke yake. Hapo ndipo alipovuta ile pumzi. Kapitolina Yegorovna aliijua. Mama yake aliivuta vile vile siku alipoletewa barua kutoka vitani, kabla hajampa jirani amsomee.

Kisha Zalkind akaanza kupiga. Sauti moja, kimya, sauti nyingine, kama mtu anayehesabu waliobaki mezani. Akaongeza mwendo. Nyuzi mbili, halafu tatu, halafu zote, hadi unahofia mbao itapasuka. Katikati ya mbio zile ipo sauti moja haikukaa sawa, imekwaruza. Mwingine angeomba kurudia. Yeye aliiacha akapita, na kwa sababu ya sauti ile moja Kapitolina Yegorovna aliyaamini mengine yote. Okestra iliporudi kwa kishindo, chai yake ilikuwa imepoa na uso wake umelowa. Akafungua daftari, akapiga mstari juu ya alichoandika, na chini yake akaongeza: Nimekosea. Ni pumzi. Akagonga muhuri.

Tangu hapo aliisikiliza mara nyingi, maana santuri ile ilichapwa na kuchapwa tena. Siku ikitokea kwenye zamu yake, wenzake walijua kabla ya kuuliza. Alikuwa akivua ndara zake na kuzilaza sambamba, kama mtu anayeingia mahali patakatifu.

Mwaka wa sabini na nne, mwezi Machi, Zalkind alikwenda Vienna kupiga fidla na hakupanda ndege ya kurudi. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Bango lake tu liliondolewa kwenye jumba la muziki, ukabaki ukuta na alama za gundi. Jumanne iliyofuata mkuu wa karakana, Rostislav Arkadyevich, akaingia kibandani na boksi la chokoleti.

"Habari ya afya, Kapitolina Yegorovna?"

"Masikio yapo. Mengine usiniulize. Sikukuu ya wanawake si ilipita wiki jana?"

"Nimechelewa kidogo."

"Hujawahi kuchelewa na hujawahi kuleta. Sema, ndugu mkuu."

Rostislav Arkadyevich alifunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye tai iliyombana. Kwenye meza ya pili Nelya, msikilizaji kijana, Namba Ishirini na Mbili, alijifanya anasugua sindano.

"Santuri ya Zalkind inaondoka," mkuu akasema. "Agizo limetoka juu. Elfu nne zilizoko ghalani ziyeyushwe, na vile vyuma vya kuchapia."

"Ziondoke. Mimi silindi ghala."

"Ziondoke kwa kasoro. Wanataka sababu ya kiufundi, saini na muhuri."

"Sababu si kila mtu anaijua?"

"Ndiyo maana haiandikwi." Akatoa kwapani daftari kuukuu, akalifungua alipokuwa ameweka alama. "Upande wa pili, dakika ya tisa, sekunde ya kumi na moja: kelele. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Basi. Sikuombi useme uongo. Urudie tu ulichosema."

Hapo alikuwa amemweka pabaya, na wote watatu walijua. Kapitolina Yegorovna aliutazama mwandiko wake, herufi kubwa kubwa za madarasa manne.

"Soma mstari wa chini," akasema.

"Wino umefifia."

"Una miwani. Soma."

Mkuu akavaa miwani, akasoma polepole: "Nimekosea. Ni pumzi."

"Siku ile nilikuwa sijui kwamba mtu akipiga fidla anapumua pia. Sasa najua. Siwezi kurudi kutojua kwa boksi la chokoleti."

Nelya akashindwa kunyamaza. "Shangazi Kapa, gonga tu huo muhuri yaishe. Umebakiza miezi kumi na moja upate pensheni. Mwenyewe yuko Vienna anakula keki, wala hakujui."

"Asinijue. Mimi namjua."

"Basi nigonge mimi."

"Wa kwako haufai," mkuu akasema, amechoka. "Kumi na Nne ndiye aliyeipitisha. Asipoikataa yeye, niite kamati kutoka Moscow, na kamati ikija haiulizi jambo moja ikaondoka." Akamgeukia tena. "Kapitolina Yegorovna, nitalazimika kukurudisha chini. Pale chini pana joto, pana vumbi, na wewe si msichana. Masikio hayo yatakufa kwa mwezi mmoja."

Kapitolina Yegorovna akasema, "Weka santuri. Upande wa pili. Kwa spika, tusikie wote. Tukimaliza nitaandika."

Nelya akaweka. Wakasikiliza, mkuu amesimama, macho kwenye saa yake kama anayengojea treni. Nje theluji ilikuwa ikiyeyuka, matone yanagonga bati la dirisha, lakini baada ya muda hakuna aliyeyasikia. Okestra ikaanza kupungua. Ikapungua. Dakika ya tisa, sekunde ya kumi na moja, katika kibanda kile kidogo mtu alivuta pumzi, karibu kabisa, kama yuko nyuma ya kabati. Nelya akageuka kuangalia. Mkuu akaacha kutazama saa.

Walimsikiliza akihesabu, akikimbia, akikwaruza ile sauti moja na kuiacha. Muziki ulipokwisha, santuri ikabaki inazunguka patupu na hakuna aliyenyanyua sindano.

"Anapiga, mbwa huyu," Rostislav Arkadyevich akasema chini kwa chini. Kisha akakaza tai. "Haya. Andika."

Kapitolina Yegorovna akachukua kalamu, akaandika tarehe, na mbele yake: Imesikilizwa tena. Hakuna kasoro. Akatia saini jina lote, hadi herufi ya mwisho. Halafu akafungua droo, akatoa wembe, ule wa kukatia tepu, akaupindua muhuri wake na kuanza kuchonga mpira. Alichonga bila haraka, kama anayemenya kiazi. Ile kumi na nne ikatoka vipande vyeusi, vikaangukia juu ya boksi la chokoleti.

"Unafanya nini?"

"Mpini ni mali ya kiwanda, huu hapa, mzima."

"Huo ni uharibifu wa mali ya umma."

"Andika," akamwambia. "Dakika na sekunde."

Nelya alicheka kwa bahati mbaya, akaziba mdomo. Mkuu alibaki ameushika ule mpini usio na kitu. Kapitolina Yegorovna akavua ndara, akavaa buti, akafunga vifungo vya koti vyote, hata kile cha juu kinachogoma.

"Shangazi, unaenda wapi saa hizi?"

"Kununua mkate. Boksi hilo lifungueni, msiliache likaota ukungu."

Aliteremka kupitia karakana ya mashine, masikio wazi, kishindo chote kile kikimwingia, na hakukunja uso. Alijua watapata njia. Wiki moja, wiki mbili, kamati itakuja, wataandika watakachoandika. Lakini haitaandikwa kwa jina lake wala kugongwa kwa muhuri wake, na lile daftari lina kurasa zilizopigwa namba, ukurasa hauchaniki bila kuonekana.

Getini Saveli, mlinzi mzee wa mguu mmoja, alishangaa. "Mapema leo, Kapitolina Yegorovna. Na pamba zako umesahau."

"Sikusahau."

Akampa kitambulisho chake cha kiwandani. Saveli alikigeuza huku na huku, hajui akiweke wapi, maana hakikuwahi kuachwa pale na mtu anayetoka. Alipoinua macho, yule mwanamke alikuwa ameshafika darajani. Tramu ikapita ubavuni pake, inakwaruza reli. Akasimama, akaisikiliza hadi ilipokata kona. Halafu akavuta pumzi, akaendelea na njia.

Kesho yake kisahani kilikuwa mezani na vipande vyake viwili vya pamba. Nelya alikifunika kwa leso vumbi lisiingie. Kapitolina Yegorovna hakurudi kuvichukua.