Sare ya Mkaguzi

Kaka yangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Pasi. Jina lake halisi hata mama hulikumbuka kwa shida. Ni mpole mpaka anaudhi: ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Mtu huyo leo yuko gerezani kwa kosa la ukaidi, na mimi bado siamini.

Chumba chake cha kazi kiko chini ya jengo kuukuu la ghorofa. Meza ya pasi imeegemea ukuta wa nyuma, na nguo zimetundikwa kwenye waya mpaka karibu na dari. Ana mwiko mmoja: mambo ya nguo ya mteja hayatoki mlangoni. Nani kapasua suruali, nani kola yake ina rangi ya mdomo isiyo ya mkewe, ukimuuliza anageuka bubu. Mama humtania, "Wewe mwanangu utakufa umevimba siri."

Ukuta ule ulipopata ufa, mkaguzi wa majengo alikuja, akautazama, akatikisa kichwa. Akatoa kila mtu nje, akatia kufuli, akabandika tangazo: ni marufuku kuingia. Hapo sina ugomvi naye. Ufa ulikuwa mpana, ungeweza kupitisha kiganja.

Jioni hiyohiyo akaja nyumbani. Mimi nilikuwa nachambua mboga kizingitini. Alisimama anajikuna shingo.

"Pasi, sare yangu iko mle ndani. Jumatatu tunapokea mgeni kutoka makao makuu. Sasa tunafanyaje?"

"Usijali, mkuu. Itapatikana."

"Haya. Lakini mimi sijasema kitu."

"Hujasema kitu, mkuu."

Asubuhi kaka alikata kufuli kwa msumeno, akatoa pasi yake, kisha nguo zote, akazigawa mlango kwa mlango. Alirudi jasho linamtiririka, anacheka. Lakini watu walikuwa wamemwona, na habari ikafika kwa wakubwa wa mkaguzi. Wiki haikwisha askari wakamfuata, wakamwachia kwa dhamana.

Tulidhani atakaripiwa tu, aende zake. Siku ya kesi aliniagiza niwashe mkaa wa pasi nyumbani kabla hatujatoka, saa sita atakuwa amesharudi.

Mahakamani, mkaguzi alipopanda kutoa ushahidi, nilimtazama mara mbili. Alikuwa ameivaa! Sare ileile, mikono yake ina mstari ulionyooka vile anavyoupiga kaka, si mwingine.

"Ulimruhusu mshtakiwa aingie?" hakimu alimuuliza.

"Hapana, mheshimiwa."

Hakupepesa hata jicho.

Hakimu akamgeukia kaka. "Ulifuata nini mle ndani?"

"Nguo za wateja, mheshimiwa."

"Mteja gani alikutuma?"

Kaka akatazama chini. Hakimu akarudia swali, akarudia tena. Nikainuka niseme mimi, na kaka akanitupia jicho ninalolijua tangu utotoni, lile la nyamaza. Nikakaa. Sijawahi kumchukia mtu na kumpenda kwa pamoja kama nilivyomchukia na kumpenda kaka saa ile.

"Umekaidi amri halali ya ofisa wa umma," hakimu alisema, "amri iliyotolewa kulinda maisha yako mwenyewe. Na hapa mbele yangu bado unakaidi. Miezi sita jela."

Miezi sita! Kwa nguo! Mama alinivuta mkono, "Amesemaje? Amesemaje?" Askari walipompitisha kaka mbele ya mkaguzi, alisimama, akamtoa uzi begani kwa mazoea tu.

"Ikichafuka, mpelekee mdogo wangu," akamwambia, akaondolewa.

Mkaa wa pasi tuliukuta umeshazimika. Mama alikaa kando yake bila kuvua viatu mpaka giza likaingia.

Sikudhani yule bwana angethubutu. Wiki iliyofuata nilifungua mlango nikamkuta amesimama, mfuko mkononi, macho chini.

"Dada, samahani. Kaka yako alisema... ni hii sare."

Maneno niliyokuwa nimeyaweka tangu mahakamani yalinijaa mdomoni, nikayameza yote, likabaki moja.

"Chumba cha kazi kimefungwa kwa amri, mkuu," nikamwambia. "Mimi siwezi kukaidi."