Mpiga Chapa na Herufi Zinazosinyaa

Saa mbili na robo asubuhi. Mlango wa duka la kuchapa umefunguliwa nusu, na mpiga chapa ameinama mbele ya kompyuta, kioo cha kukuzia mkononi, pua nusura iguse skrini. Anatafuta pa kubofya ili herufi ziwe kubwa. Ili azikuze, sharti kwanza azisome zikiwa ndogo.

"Saba," anasema, akihesabu mibofyo. "Umeme ukikatika mara tatu kwa siku, ishirini na moja."

Mama huyu wa miaka hamsini na minne amekula kwa vidole vyake tangu enzi za taipureta, zile mashine za utepe wa wino. Macho yalianza kumtupa mkono miaka minne iliyopita. Miwani imesaidia ilipoweza. Palipobaki anategemea programu ya mipangilio, ile inayopanga ukubwa wa maandishi, rangi na sauti ya kompyuta.

Programu yenyewe ni huria: hainunuliwi, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuitengeneza. Wanaoitunza wametawanyika duniani, wengi wao wakijitolea. Ukiona hitilafu, unawaandikia. Yeye alikuwa ameshawaandikia mara kumi na tisa, kwa Kiingereza anachokiita cha kuombea maji, na hitilafu sita zikarekebishwa. Malipo ni asante.

"Asante hailiwi," hutania shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi cherehani anayeshona upande wa pili wa chumba hichohicho.

"Na wewe unayekula mpaka vitambaa vya wateja, mbona hunenepi?"

Ripoti ya ishirini haikuwa na utani. Herufi alizozikuza zilikuwa zinasinyaa zenyewe, na hii nusura immwagie unga. Siku moja foleni ilikuwa ndefu. Akaona aibu kuwasimamisha watu huku anahangaika na kioo, akachapa hivyohivyo. Mwombaji kazi aliyezaliwa 1989 akatoka na barua inayosema 1939.

"Alirudi akaniuliza kama nimeshamstaafisha," anasema. Hacheki.

Mwenye duka hakufoka. Alisema tu kwamba ikitoka barua nyingine ya namna ile, mwezi ujao atatafuta mchapaji mwingine.

Kanuni ya kuripoti ni kueleza hatua kwa hatua, ili fundi aliye mbali aione hitilafu kwa macho yake. Akaandika: fungua mipangilio, kuza herufi, fanya kazi zako, washa tena. Msimamizi wa programu akajibu kwamba amefuata hatua zote na herufi zake zimebaki kubwa. Hitilafu isiyojirudia kwa siku kumi na nne, faili lake hufungwa.

Akaandika upya, hatua zilezile kwa maneno marefu zaidi. Akapata jibu lilelile.

Siku ya kumi na moja shemeji alichomeka pasi, swichi kuu ikaruka, skrini ikawa nyeusi. Mama akachukua kioo chake, akakaa kungoja.

"Hao watu wako," shemeji akauliza, "umewaambia kwamba inazimika hivi?"

"Hivi vipi?"

"Hivi. Kama kuku aliyekatwa shingo."

"Shemeji, umeme kukatika nako ni habari ya kumwandikia mtu? Si sawa na kumwarifu kwamba jua limezama?"

"Kwako wewe. Kwao je?"

Umeme uliporudi, alikuza herufi, akazima kompyuta kwa utaratibu, akawasha. Kubwa. Akachomoa waya ghafla, akawasha. Ndogo. Alirudia mara nane, wateja wawili wakimtazama kama mtu aliyepandwa na kichaa.

Kwenye ripoti aliongeza mstari mmoja: hatua ya nne, kabla ya kuwasha tena, chomoa waya.

Kesho yake msimamizi akajibu kwamba ameiona. Programu ilikuwa inaliacha wazi faili la kumbukumbu zake muda wote. Kompyuta ikizimika ghafla, faili linabaki tupu. Akaomba radhi kwamba hakuwaza. Kwake umeme ulikatika mara ya mwisho miaka sita iliyopita.

"Na tarehe anaikumbuka," anasema mama, akitikisa kichwa.

Marekebisho yalichukua siku tisa. Siku hizo zote alizikuza herufi kila umeme uliporudi, foleni iwepo isiwepo, na aliyenung'unika alinung'unika. Mwezi ule umekwisha. Mchapaji mwingine hajaonekana. Kioo bado anacho, maana toleo lililorekebishwa atalipakua leo mchana.

Wiki iliyopita wasimamizi walimwomba awe miongoni mwa wanaojaribu matoleo mapya kabla hayajatoka. Amekubali, na ameshamwomba mwenye duka kompyuta moja kuukuu iliyo stoo, ya kujaribia.

"Toleo jipya nataka liniharibikie mimi kwanza," anasema, akiifuta vumbi kibodi yake. "Mimi nimeshajua pa kuandika. Yuko mwingine mahali, macho kama yangu, anadhani kosa ni lake."