Kengele ya Mbwa Jike

Jumamosi. Mvua ya asubuhi ilikatika, jua likawaka juu ya matope. Sijui kama nafundisha vizuri, lakini leo tuliwafundisha mbwa wetu wadogo wawili kuruka gogo, la chini kwanza, wasivunjike miguu, maana kesho ni kuwinda. Dume aliruka. Jike alijaribu mara moja, akalia, akakataa kabisa.

Shemeji, ndugu ya bibi yangu, akacheka. "Huyu iko wa kuchunga kuku. Kesho atabaki."

Roho iliniuma, kwa sababu huyo ndiye ninayempenda.

Bibi yangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. "Mumemufunga kengele na kamba murefu! Akiruka, inamupiga magoti."

Mbwa wetu hawabweki, ndiyo maana porini tunawavalisha kengele ya mti. Na kusema kweli, kamba niliifunga mimi, si shemeji. Nikaifupisha. Jike akaruka, akageuka, akaruka tena bila kuitwa, kengele ikilia ko-ko-ko.

"Sasa shemeji, kuku watachungwa na nani?" nikauliza.

"Na wewe, fundi wa kamba!" akajibu bibi yangu.

Jioni tulikula ugali wa muhogo, sombe na samaki. Kichwa cha samaki wake, shemeji alimpa jike.