Chai ya Warsinah

Huku Dieng, juu mlimani, mwezi wa saba ukiingia, unaamka unakuta mashamba ya viazi yamepauka kwa jalidi, kana kwamba kuna mtu kapita akimwaga chumvi. Tunaiita umande wa sumu, maana ikishuka viazi vinakufa vimesimama. Pikipiki nazo zinakufa zimesimama. Hapo ndipo wanaume wa mtaa wetu wanatoa makarai ya makaa, wanayasukuma chini ya injini, wanachuchumaa na shuka za sarong mabegani kusubiri oili ilainike. Mgeni akipita anadhani tunachoma mahindi.

Na kosa ni letu wenyewe. Viazi tunashusha Pekalongan, pwani, ambako jua linachemsha ubongo. Kwa hiyo kila mtu ananunua oili nzito, ile ya 20W-50, kwa ajili ya pwani, halafu asubuhi anashangaa kwa nini huku mlimani imekuwa uji uliolala.

Warsinah aliyakataa makaa. Mwanamke mfupi, sauti ndefu. Mwaka jana karai liliunguza mpira wa petroli, nusura amfuate marehemu mumewe, na tangu siku hiyo akaapa pikipiki yake haitaota moto tena.

Tatizo likawa shemeji. Kasmudi, mdogo wa marehemu, alisubiri kwa adabu zote mpaka karamu ya siku ya elfu, ile inayofunga msiba. Wali haujapoa, akafuta midomo na kusema mbele ya watu:

"Shemeji, hii pikipiki ni ya kaka. Injini inataka mwanamume. Ikikushinda kuiwasha asubuhi moja tu msimu huu wa jalidi, naichukua."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, vinywa vimejaa tempe ya soya. Hakuna aliyeuliza Warsinah angeishije. Bila pikipiki angerudi kuwauzia madalali wanaopanda hadi mlangoni, wanaopanga bei huku wakinywa chai yako.

"Sawa," akasema Warsinah. "Ila uwe unakuja mwenyewe kila asubuhi. Sitaki uje uhadithiwe."

Kesho yake akaenda kwa Mzee Darso, muuza spea, akamwambia anataka oili ya kuamka mapema. Mzee akamtolea chupa ya 0W-20. "Hii nyepesi, mwanangu. Inawaka hata ndani ya friji."

"Na pwani?"

"Pwani..." Mzee akajikuna. "Namba ya mbele ni ya baridi, ya nyuma ni ya joto. Hiyo ishirini kwa injini yako ya zamani, kule itakuwa supu."

"Sasa unanipa supu ya nini? Mimi nyumba iko huku, wateja wako kule. Nipe inayojua kote."

Wakakubaliana 10W-40. Mzee alipokuwa akiifunga, Warsinah akaigeuza chupa tena. "Na iwe ya pikipiki, siyo ya gari. Klachi ikianza kuteleza mlimani, utanibeba wewe?"

Kasmudi aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Oili nyepesi! Shemeji kaweka chai kwenye injini!" Mtaa mzima ukalidaka neno hilo. Kila akipita: "Warsinah, chai ina sukari?" Naye: "Ina tangawizi, njoo uungue."

Asubuhi zikapita, pikipiki inawaka, Kasmudi anarudi kulala. Kisha ikaja ile asubuhi ambayo maji ya ndoo yaliganda kuwa sahani. Makarai yakajipanga mtaa mzima. Kasmudi akaja amevaa helmeti kabisa.

"Shemeji, helmeti ya nini? Unaogopa mbingu ikuangukie?"

"Nimejiandaa kuendesha."

Warsinah akapiga kiki. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga tena. Kimya. Kasmudi akanyoosha kiganja apewe ufunguo.

"Ondoa mkono. Bado nina mguu."

Akapanda na uzito wake wote, akashuka nao. Ikawaka! Ikanguruma, moshi ukampiga shemeji usoni. Jamaa mmoja karaini alishangilia mpaka sarong yake ikashika moto.

"Kuwaka hapa siyo kazi," Kasmudi akapaza sauti. "Twende pwani uone hiyo chai ikichemka!"

Warsinah akafungua kamba za mzigo wa pwani, akashusha gunia moja la viazi, akapiga kiti kwa kiganja. "Helmeti unayo. Panda."

Na akapanda, maana mtaa mzima ulikuwa unamtazama. Akapitishwa mbele ya makarai yote, nyuma ya mwanamke, amekumbatia gunia lililobaki.

Kule pwani Warsinah aliuza viazi vyake, kisha akaingia makusudi kwenye foleni ya sokoni jua likiwa utosini, akatulia pale injini ikinguruma, shemeji akitoka jasho kama mtungi. Jioni wakarudi juu ya mlima, injini ikinguruma vilevile kama ilivyoondoka. Kasmudi akashuka akitembea kama mtoto aliyetoka jandoni. Sisi tulikuwa tunamsubiri.

"Vipi, chai ilichemka?"

Kasmudi akavua helmeti. "Kiti chake kigumu," akanung'unika.

Warsinah akazima injini, akauning'iniza ufunguo shingoni, ndani ya sweta.

"Ukinunua yako utaweka kiti laini, shemeji. Oili njoo nikuchagulie."